Historia ya Ujenzi wa Kiotomatiki wa Nyaraka za Programu: Mfano wa DHIS2, kutoka Oslo hadi Lupaso

Insha hii inachunguza jinsi miongozo ya programu ilivyoacha kuwa kitabu kinachoandikwa baada ya kazi kwisha, ikawa zao linalotoka pamoja na programu yenyewe. Mfano uliochaguliwa ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya 1994. Tanzania Bara iliusambaza nchi nzima kufikia 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki. Hoja kuu ni kwamba ujenzi wa kiotomatiki huhakikisha mwongozo umechapishwa. Hauhakikishi kwamba ni sahihi, wala kwamba umemfikia anayeuhitaji.

Hapo awali miongozo ya DHIS2 iliandikwa kwa DocBook, mfumo wa alama nyingi uliowaelemea waandishi. Baadaye ilihamishiwa Markdown, maandishi mepesi yanayogeuzwa kurasa na programu ya MkDocs. Mageuzi hayo yalikuwa sehemu ya mkondo mpana zaidi: Sphinx ilitolewa 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, na Read the Docs ikaanzishwa 2010 ili kuzijenga na kuzihifadhi bila malipo kwa miradi huria.

Msingi wa utaratibu huu ni faili la usanidi linalotunzwa pamoja na msimbo. Faili hilo hutaja toleo la programu ya kujengea, mpangilio wa sura, na matawi ya msimbo yanayostahili kuchapishwa. Kila badiliko linapopokelewa, mashine husoma maagizo hayo na kujenga upya kurasa zote. Ikiwa imeagizwa kuwa kali, kiungo kilichokatika huusimamisha ujenzi. Lakini sentensi isiyo kweli hupita salama, kwa kuwa mashine hukagua umbo, haikagui maana.

Udhaifu huo hudhihirika tukifuata safari ya takwimu. Katika kijiji kama Lupaso, wilayani Masasi, mhudumu wa zahanati huanzia kwenye vitabu vya MTUHA. Hujumlisha idadi kwa mkono, na taarifa ya mwezi hupelekwa ngazi ya wilaya. Mwongozo uliojengwa leo asubuhi haubadilishi kitabu kilichochapwa miaka iliyopita. Safu ikibadilishwa ndani ya mfumo huku kitabu kikibaki kilivyo, mtoto aliyechanjwa aweza kuhesabiwa mahali pasipo pake, na dawa za mwaka ujao zikaagizwa kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo, historia ya nyaraka isiishie pale mashine inapotangaza kwamba ujenzi umefaulu. Mtafiti hana budi kuuliza pia ni toleo lipi la maelezo lililo mezani pa mhudumu, na kwa lugha gani.