Matuta ya Uluguru na Kazi ya Mkutubi

Mwaka 1991 sheria iliitwika maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mzigo wa pili: mbali na kuwahudumia walimu na wanafunzi wa chuo, iwe pia Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Tangu hapo mkutubi anayeajiriwa pale, chini ya milima ya Uluguru, anawajibika kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga ukumbi wake wa kusomea, nao ni wakulima. Hao hawamwendei kuazima kitabu tu. Wao wenyewe wanayo maarifa, ila hayajaandikwa. Kuyatafuta maarifa ya namna hiyo, kuyahifadhi na kuyakutanisha na yale ya maabara ndiyo kazi inayoitwa usimamizi wa maarifa. Wapo wanaodhani kazi hii imeletwa na kompyuta. Mimi nasema haja yake ilikwisha kuonekana kwenye miteremko ya Uluguru miaka 40 kabla ya sheria ile, na ilionekana kwa machungu.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa imeanza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Hofu yake haikuwa ya uongo: mto Ruvu unapata maji yake huko, na mvua ilikuwa ikisomba udongo wa mashamba. Dawa iliyoamriwa ni matuta ya kukata mlima. Kukata tuta la namna hiyo ni kuchimba mteremko mpaka upate sakafu bapa, na anayechimba hufukia udongo mweusi wa juu na kuuanika ule wa chini usio na rutuba. Penye udongo mwembamba, mazao yaliyopandwa juu ya sakafu hiyo yalidumaa. Na Mluguru alikuwa na njia yake, iliyozoeleka hasa upande wa Mgeta. Alianzia chini ya shamba, akalaza magugu na mabua kukingama mteremko, kisha akavuta udongo wa juu na kuyafunika, akapanda hatua moja na kurudia. Zilitokea ngazi ndogondogo zenye mbolea tumboni. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa watu, umerithiwa pamoja na ardhi ndani ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, lakini hapakuwa na ofisi iliyopewa kazi ya kuukusanya na kuuweka mezani kabla amri haijatoka. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke kuhusu ardhi na siasa za Waluguru kilitoka mwaka 1960, miaka mitano baadaye.

Mwanahistoria anaweza kunikatiza hapa. Atasema kilichowaudhi watu ni shuruti, kazi ya lazima na faini, na kwamba TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, ilikuta kuni zimekwisha kukauka. Maktaba ingesaidia nini? Nakubali kwamba shuruti ndiyo iliyowasha moto. Lakini amri ile ilijiegemeza kwenye dai la ujuzi, kwamba bwana shamba anajua na mkulima hajui, na dai hilo halikupimwa mahali kwa mahali. Sehemu za Mgeta penye maji ya kumwagilia, matuta ya kukatwa yalifaa kwa mboga. Kwa hiyo swali halikuwa matuta ni mema au mabaya. Lilikuwa ni tuta gani, kwenye udongo gani, kwa zao gani, na jibu lilihitaji mtu wa kukusanya habari za kila bonde na kuzilinganisha. Mtu huyo hakuwapo.

Leo yupo, na safari ya Edda Tandi Lwoga inaonyesha kazi yake ilivyokua. Akiwa mkutubi wa maktaba ile ya Morogoro, alifanya utafiti wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kuhusu usimamizi wa maarifa asilia ya kilimo katika wilaya sita za Tanzania, Kilosa ya mkoa wa Morogoro ikiwa mojawapo. Alikuta maarifa ya wakulima yakizunguka ndani ya familia na kwa majirani, ana kwa ana, yakivuka mipaka hiyo kwa shida. Redio ilisikika zaidi ya kompyuta. Baadaye aliongoza huduma za maktaba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kisha akawa Mkuu wa Chuo cha Elimu ya Biashara. Ngazi hiyo ya kazi inastahili kuangaliwa na kijana anayesomea ukutubi akidhani mwisho wake ni kugonga mihuri ya tarehe.

Kuna pingamizi zito zaidi. Mwanafalsafa Michael Polanyi alikwisha kueleza mwaka 1966 kwamba mtu anajua mengi kuliko anayoweza kusema; mkono unaopima mteremko kwa jembe hauandikiki. Tena maarifa yakishaandikwa yanaweza kuchukuliwa na wageni, mwenyewe asiambulie hata kutajwa. Yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii isiachiwe mashine ya kunakili. Kumbukumbu yenye thamani hutaja kijiji, mwinuko, aina ya udongo, jina la mbegu kwa Kiluguru, na mwenye ujuzi kwa ridhaa yake; penye mkono, ichukuliwe picha ya mkono ukifanya kazi. Na irudi kwa Kiswahili. Maktaba ya Morogoro imeanza upande huo kwa Mkusanyo wa Mkulima, hazina ya mtandaoni ya machapisho ya kilimo kwa lugha ambayo mkulima anaielewa, ingawa mengi ya machapisho ya namna hiyo bado ni sauti ya mtaalamu kwenda kwa mkulima, na njia ya kurudi ni nyembamba.

Halmashauri za Morogoro na Mvomero zinapopanga bajeti za ugani, zitenge fungu la mkutubi mmoja wa kupanda Matombo na Mgeta akiwa na daftari na kinasa sauti. Aliyekuwa na miaka 15 wakati risasi zinalia Matombo alizaliwa mwaka 1940.