Swali la Mkaa

Kwa miaka mingi nilifundisha Jiografia. Kila mwaka nilichora ubaoni ramani ya Uingereza na kutia alama nyeusi mahali penye makaa ya mawe. Siku moja binti mmoja wa Temeke akaniuliza, "Mwalimu, makaa hayo ni sawa na mkaa anaopikia mama?" Darasa zima likacheka. Nami, kwa aibu yangu, nikacheka nao. Sikumjibu.

Sasa namjibu. Mkaa wa mama ni mti uliochomwa chini ya udongo kwa siku chache, hewa ikiwa kidogo. Makaa ya mawe nayo ni mimea, ila ilizama katika vinamasi, ikafunikwa na matope, ikakandamizwa na kupashwa joto kwa mamilioni ya miaka. Yetu ya kusini yana umri wa miaka kama milioni 250 au zaidi. Kwa hiyo ni ndugu, binti yangu. Mmoja kijana, mwingine mzee mno.

Tena hayakuwa Uingereza tu. Wajerumani waliyaona karibu na Ziwa Nyasa tangu mwisho wa karne ya 19. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa mwaka 1988. Ngaka, mkoani Ruvuma, uchimbaji ulianza 2011. Vita vya Ukraine vilipozuka 2022, meli zilipakia makaa yetu Mtwara kwenda Ulaya.

Wakati huo wote Mbagala na Tandale waliendelea kupikia mkaa, na msitu wa Pugu ukazidi kukatwa. Sababu zipo. Kiwira ni mbali, na makaa ghafi hutoa moshi wenye salfa usiofaa jikoni. Leo STAMICO huyatengeneza kuwa mkaa mbadala. Huokoa miti, lakini nayo yakiungua huongeza hewa ya ukaa inayopasha dunia joto. Sidanganyi kwamba tumepata dawa isiyo na madhara.

Jibu hili lingetosha kipindi kimoja cha dakika arobaini. Niliijua migodi ya watu kuliko jiko la mwanafunzi wangu. Binti yule, kama yu hai, sasa ni bibi. Popote alipo, naomba anisamehe: siku ile, yeye ndiye aliyekuwa akifundisha.