Kikwapa cha Chuma

Tusikiapo neno deraya, au dirii, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye chuma. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na huko lilikuwa jina la vazi la pete za chuma zilizofumwa. Lakini ayachunguzaye mavazi ya vita ya Ulaya ya karne ya 15 ataona kwamba chuma hicho kilitegemea kitambaa, uzi na fundo.

Katika karne ya 12 na ya 13 askari wa farasi wa Ulaya walivaa shati zima la pete. Kila pete ilishikana na nyingine nne, na shati lilipata uzito wa kilo 10 hivi. Lilizuia makali ya upanga, wala halikuzuia kishindo cha rungu. Ndiyo sababu chini yake palivaliwa vazi nene lililoshindiliwa pamba au matambara. Kufikia karne ya 15, mafundi wa Milano na wa Ujerumani ya kusini waliweza kumfunika mtu kwa mabamba ya chuma toka utosini hata nyayoni. Hata hivyo, bamba halikunjiki. Kwapani, na kwenye kiwiko upande wa ndani, palibaki mianya ambamo ncha ya jambia iliweza kupita.

Dawa ilikuwa nini? Kuvaa shati zima chini ya mabamba kungemlemea mtu bure. Basi vilikatwa vipande vya wavu wa pete, vikashonwa juu ya koti la ndani mahali pale tu palipokuwa wazi. Kipande cha kwapani kilikaa hasa pale washona kanzu watiapo kikwapa.

Maandishi ya Kiingereza ya katikati ya karne hiyo, ambayo yamehifadhiwa katika maktaba ya Morgan mjini New York, yaeleza kazi hii hatua kwa hatua. Koti liwe la kitambaa kizito, lenye bitana ya atlasi na matundu mengi. Vipande vya pete vishonwe kiwikoni na kwapani. Vigwe vya kufungia mabamba visokotwe kwa uzi kama ule wa pinde, kisha vipakwe nta ya washona viatu, ili visinyumbuke wala visikatike. Kumvika askari kulianzia miguuni kukapanda juu. Kigwe kikikatika vitani, bamba lingening'inia na mwanya ungefunuka: mdharau mwiba mguu huota tende.

Mabamba mengi yangalipo katika majumba ya makumbusho; makoti yaliyoyabeba yameoza karibu yote. Lau asingalikuwako mtu wa kuandika, tungalijua habari za chuma, tusijue za uzi. Nasi walimu tujiulize: maneno ya mafundi wetu, kama kikwapa na bitana, nani anayaandika kabla wazee wa cherehani hawajaondoka nayo?