Moto, Maombi na Baruti: Sikukuu za Kiangazi katika Pwani ya Hispania

Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, miji ya Hispania iliyo kando ya Bahari ya Mediterania hailali. Alicante huchoma masanamu yake barabarani, wavuvi humtembeza Bikira Maria baharini, Villajoyosa huvamiwa alfajiri na jeshi la watu waliovaa vilemba, na Málaga hucheza na kuimba katikati ya Agosti. Mtalii aliyefuata jua na mchanga hujikuta ndani ya shamrashamra hizo na kufurahi, na ni haki yake kufurahi. Hata hivyo, nyingi kati ya sikukuu hizi zilizaliwa na hofu ya bahari na ya adui, na zimedumu kwa sababu wenyeji hawakukubali kuzikabidhi kwa mtu mwingine. Asiyeijua historia hiyo ataona fataki tu.

Pwani iliyoiogopa bahari

Siku hizi nyumba inayotazama bahari ndiyo yenye bei kubwa. Katika karne ya 16 mwenye akili alijenga mbali na ufuko. Maharamia kutoka Algiers na bandari nyingine za Afrika Kaskazini walishuka usiku, wakateka watu na kwenda kuwauza, au kuwashikilia mpaka jamaa zao walipe fidia. Mfalme Felipe wa Pili alimtuma mhandisi Mwitaliano, Juan Bautista Antonelli, kupanga ulinzi wa pwani ya Valencia, na minara ya walinzi ikajengwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiweza kuashiria hatari kwa mwenzake kwa moshi mchana na kwa moto usiku. Mingi ingali imesimama, mingine katikati ya mahoteli.

Uovu huo haukuwa wa upande mmoja. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita pwani ya kusini ya Andalusia takriban miaka 20 baadaye, wakati Málaga ilipokuwa bado mji wa Kiislamu. Anasimulia kwamba wapanda farasi waliomtangulia njiani kutoka Marbella walivamiwa na Wakristo walioshuka kutoka merikebu zao; karibu wote walitekwa au kuuawa. Yeye alinusurika kwa sababu alikuwa amechelewa nyuma.

Málaga yenyewe iliangukia mikononi mwa watawala Wakristo, Malkia Isabel na Mfalme Fernando, mwezi Agosti 1487, baada ya kuzingirwa kwa miezi kadhaa. Wakazi wake Waislamu waliosalimika, wengi wao walifanywa watumwa. Tamasha kubwa la Málaga linalofanyika kila Agosti lina asili yake katika kuadhimisha kuingia kwa wafalme hao mjini. Granada, dola ya mwisho ya Waislamu nchini, ilifuata mwaka 1492. Kisha Septemba 1609 ikatangazwa Valencia amri ya kuwafukuza Wamorisko, yaani wazao wa Waislamu waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Walipakiwa melini katika bandari za Dénia, Alicante na kwingineko. Hispania nzima ilipoteza watu wapatao 300,000, na ufalme wa Valencia peke yake ulipoteza karibu theluthi ya wakazi wake. Hiyo ndiyo ardhi ambayo sikukuu za leo zimesimama juu yake.

Jeshi litokalo baharini

Kumbukumbu hii huigizwa kwa ukubwa huko Villajoyosa, mji wa wavuvi kaskazini mwa Alicante, maarufu kwa nyumba zake za rangi mbalimbali na kwa viwanda vyake vya chokoleti. Mji uliasisiwa mwaka 1300 na Bernat de Sarrià ili kuweka walowezi Wakristo katika pwani hiyo. Mapokeo ya mji yanasema kwamba mwezi Julai 1538 kundi la merikebu za maharamia lilipoushambulia, wenyeji walimwomba Mtakatifu Marta, na ghafla Mto Amadorio ukafurika na kuwasukuma wavamizi baharini. Tangu hapo Marta ni msimamizi wao, na sikukuu yake, tarehe 29 Julai, ndiyo kiini cha wiki nzima ya sherehe ziitwazo Moros y Cristianos, Wamori (yaani Waislamu) na Wakristo.

Saa ya kuwapo ufukoni ni kabla ya mapambazuko ya Julai 28. Watu hujaa mchangani gizani. Mashua hutokea zikiwa na taa na mienge, baruti hulipuka majini na nchi kavu, na kadiri anga linavyokucha ndivyo Wamori wanavyoruka majini na kupigana hatua kwa hatua kuelekea ngome ya mbao. Wanaiteka. Baadaye Wakristo huirejesha. Kabla ya vita, wajumbe wa pande zote mbili hujibizana kwa mashairi marefu, kila mmoja akijaribu kumfanya mwenzake asalimu amri bila damu. Nyakati nyingine za wiki ni za maandamano ya polepole mitaani, bendi za matarumbeta zikipiga marshi zilizotungwa mahususi kwa ajili ya sherehe hizi.

Wamori wenyewe ni akina nani? Ni wenyeji wa mji ule ule: muuza samaki, mwalimu, fundi bomba, waliojiunga na kikosi cha Kimori kwa sababu baba zao walikuwa humo. Kikosi hukusanya michango mwaka mzima kwa ajili ya mavazi, baruti na bendi. Mavazi ya Wamori kwa kawaida ndiyo ya fahari zaidi, na wengi huona heshima kuyavaa.

Msomaji Mwislamu ana haki ya kuuliza iwapo sherehe hizi hazimtukani. Jibu la kweli ni kwamba zimewahi kufanya hivyo. Katika baadhi ya vijiji vya bara, hasa katika majimbo ya Alicante na Valencia, kulikuwa na desturi ya kuharibu kinyago kilichopewa jina la Mtume Muhammad. Mwaka 2006 mji wa Bocairent, miongoni mwa mingine, uliachana na desturi hiyo, na sherehe iliendelea bila kupungukiwa chochote. Mila inaweza kusafishwa na bado ikabaki mila.

Moto wa Mtakatifu Yohane

Mkesha wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, usiku wa Juni 23, huwashwa mioto katika fukwe nyingi za Hispania. Ni desturi ya kale ya wakulima na wavuvi ya kukaribisha kiangazi: watu huchoma vitu vikuukuu, huruka juu ya makaa, na usiku wa manane huingia baharini.

Alicante iliigeuza desturi hiyo kuwa sanaa. Reli kutoka Madrid ilikuwa imefika huko mwaka 1858, na wakazi wa mji mkuu wakazoea kuteremka kuoga baharini kila kiangazi. Mwaka 1928 José María Py, mzaliwa wa Cádiz aliyeishi Alicante, alihimiza kila mtaa ujenge sanamu kubwa la mbao na karatasi ngumu, kwa mfano wa yale yanayochomwa Valencia mwezi Machi. Nia ya kuvutia wageni haikufichwa. Lakini mitaa ililipokea wazo hilo kwa mikono miwili: kila mmoja una kamati yake, fundi wake, mtunza hazina wake na ushindani wake na mtaa jirani. Masanamu huwakejeli wanasiasa na mambo ya mwaka. Usiku wa Juni 24 mwale mkubwa wa fataki huruka kutoka Mlima Benacantil, palipo ngome ya Santa Bárbara, na kazi ya miezi mingi hugeuka majivu huku wazima moto wakiwarushia umati maji. Chakula cha siku hizo ni coca amb tonyina, mkate bapa uliojazwa jodari na vitunguu, pamoja na tini za mwanzo wa msimu.

Bibi wa mabaharia

Julai 16 ni siku ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Heshima hii ilienezwa na watawa Wakarmeli, ambao shirika lao lilianzia katika mlima ulio juu ya Haifa, na mwaka 1901 alitangazwa msimamizi wa jeshi la majini la Hispania. Katika miji ya wavuvi sanamu yake hutolewa kanisani na kubebwa mabegani hadi majini, kisha hupakiwa mashuani. Mashua nyingine hufuata zikipiga honi, na maua hutupwa baharini kwa ajili ya waliozama. Huko El Palo, mtaa wa wavuvi wa Málaga, baada ya maandamano watu huketi mchangani kula sadini waliochomekwa vijitini na kuokwa kando ya moto wa kuni. Ukitaka sikukuu moja isiyo na makelele mengi, ichague hii.

Watalii wanapozidi wenyeji

Mwaka 1960 Hispania ilipokea wageni wapatao milioni 6. Kufikia 1973 walikuwa takriban milioni 34. Benidorm, jirani ya Villajoyosa, iliacha uvuvi na kuwa msitu wa maghorofa chini ya Meya Pedro Zaragoza na waliomfuata. Serikali ilianza kuzipa sikukuu hadhi rasmi ya kuvutia watalii, na miji ikashindania cheti hicho. Mwaka 2024 wageni walikaribia milioni 94, na mwaka huo huo maelfu ya wakazi waliandamana Málaga, Palma na Visiwa vya Kanari, wakilalamika kwamba nyumba zimegeuzwa za kupangisha wageni na kodi haishikiki.

Malalamiko hayo yanagusa sikukuu moja kwa moja. Kamati ya mtaa haiwezi kuishi mahali ambapo hakuna tena majirani. Alicante inatufundisha kwamba sherehe inaweza kubuniwa kwa ajili ya wageni na bado ikawa mali halisi ya mji, alimradi mji una watu wa kuichangia, kuijenga na kuigombania. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti awe na kwao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa unaishi Ulaya au unajiandaa kusafiri huko, nenda. Panga chumba mapema, tena katika hoteli au kwa mwenyeji anayeishi humo. Usikatize maandamano kwa ajili ya picha. Usiingie katika hema la kikosi bila kukaribishwa, na ukikaribishwa usikatae. Nunua mkate kwa mwokaji wa mtaani na uliza kikosi chake ni kipi. Atakueleza kwa fahari. Sikukuu hizi zimeshinda maharamia na vita. Kitakachoziua ni mji kuhamwa na wenye mji, na mgeni mwenye adabu anaweza kusaidia kulizuia hilo.