Hewa ya Timboroa: Moshi Huhama na Majira
Timboroa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi, vumbi na moshi wa malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda huchafua hewa ya nje. Mvua ikianza huliosha vumbi, lakini baridi ya Juni hadi Agosti huuhamishia moshi ndani: madirisha hufungwa, jiko la mkaa huwashwa chumbani. Sisi wa Pwani, tuliozoea kupepewa na kusi na kaskazi, tujihadhari tukilala huko. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua usingizini. Toa jiko nje kabla ya kulala.