Alizeti Mwitu: Jina na Historia ya Mmea Mmoja wa Kando ya Ziwa Victoria

Nguruwe mwitu ni yule ambaye hakufugwa kamwe, wala paka mwitu si paka wa nyumbani aliyepotea. Katika majina ya namna hii neno mwitu ni ushahidi wa asili. Basi mtu asikiaye jina alizeti mwitu ana haki ya kudhani kwamba anatajiwa mmea uliozaliwa porini tangu zamani, na kwamba alizeti ya shambani ni ndugu yake aliyefugwa. Kando ya Ziwa Victoria historia ilikwenda kinyume cha jina: mmea ulipandwa kwanza, ukatoroka, kisha ndipo ulipoitwa wa mwitu.

Wataalamu wa mimea huuita Tithonia diversifolia. Ni kichaka kirefu kumpita mtu, chenye majani yaliyogawanyika kama vidole na maua makubwa ya manjano, nao umeenea kandokando ya barabara na mipakani mwa mashamba katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwingereza Hemsley alipouandika mwaka 1881 aliuita Mirasolia, kwa kufuata neno la Kihispania mirasol, yaani kinachotazama jua, nalo ndilo jina la alizeti. Mwaka 1883 Mmarekani Asa Gray akautia katika ukoo wa Tithonia. Hivyo Wahispania na Waswahili, pasipo kushauriana, waliuona ufanano uleule. Lakini alizeti ya Kiswahili yaelekea kutoka katika neno la Kiarabu la mafuta, na huu mmea wa mwitu hakuna aukamuaye. Jina la mafuta limevishwa kichaka kisichotoa mafuta ya kupikia! Si ajabu sana, kwa kuwa mahindi nayo yaitwa kwa jina la Uhindi ilhali yalitoka Amerika.

Ng'ambo ya kaskazini, Waluo huuita akech na Waluhya huuita maua amalulu, na majina yote mawili yanataja uchungu wa majani. Jina la Waluhya lina jambo zaidi. Magugu hayaitwi maua kwa desturi. Yaitwayo maua ni yale yaliyopandwa yatazamwe. Kwa maoni yangu neno hilo limehifadhi kumbukumbu ya jinsi mmea ulivyofika, kwani ulipandwa kuwa pambo na ua wa kuzungukia viwanja, na ndiko ulikotorokea. Leo baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki wahifadhi wa mazingira wanaulalamikia kwa kuisonga mimea ya asili.

Kulima majani kwa ajili ya kulisha udongo si jambo geni katika ziwa hili. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe katika Mkoa wa Mwanza, Wakara walikuwa na kilimo ambacho Thornton na Rounce walikieleza mwaka 1936 katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, wakaletewa majani na nyasi, na samadi ikabebwa mpaka mashambani. Katikati ya uwele ulipandwa mmea wa ukoo wa marejea, nao pia una maua ya manjano, kisha ukafukiwa udongoni ukiwa mbichi. Ardhi ilikuwa haba na watu wengi. Hawakuweza kuhama na kuacha mashamba yapumzike. Hakuna afisa wa kilimo aliyewafundisha haya.

Alizeti mwitu ilisubiri mpaka miaka ya 1990. Ndipo watafiti wa Kenya na wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, wakifanya kazi Maseno karibu na Kisumu, walipopima majani yake makavu na kukuta naitrojeni kadiri ya asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Majani huoza upesi, na udongo hupata chakula mapema. Wakulima wakafundishwa kuchomeka vipande vya shina mpakani, na kukata matawi kila yachipuapo. Mtoro akarudishwa shambani.

Kazi yenyewe ni nzito. Hektari moja ilikadiriwa kutaka tani 5 za majani makavu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, mzigo wa kubeba ni mara kadhaa ya huo. Ndiyo sababu mbolea hii ilifaa zaidi bustani za mboga za kuuza kuliko mahindi. Tena mmea huu si wa jamii ya kunde, hautwai naitrojeni hewani, huikusanya udongoni. Mkulima akataye ua wake mwaka hata mwaka bila kuurudishia kitu huhamisha tu rutuba ya mpakani kuipeleka bustanini. Wakara, ambao mmea wao ulikuwa wa jamii ya kunde, kwa upande wa naitrojeni hawakuwa na shida hiyo.