Mashariki Iliyosomwa kwa Mbali

Mwanafunzi anayejiandikisha leo katika kozi ya chuo kuhusu dini za Mashariki, inayofundishwa kwa intaneti, hukuta mambo yamepangwa kwa utaratibu uliozoeleka hata hauulizwi. Akishapewa nywila na kufungua ukurasa wa kozi, hukutana kwanza na silabasi, yaani mpangilio wa mada, vitabu na tarehe za kukabidhi kazi. Wiki ya kwanza hutumika kujadili maana ya neno dini, na wiki zinazofuata hugawiwa Uhindu, Ubudha, Ujaini, dini ya Kalasinga, Ukonfusio, Utao na Ushinto, kila moja ikiletwa na mwanzilishi wake pale anapopatikana, maandiko yake, na dondoo chache zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Utaratibu huo haukubuniwa na watu wa kompyuta. Uliwekwa katika karne ya 19 na wasomi waliosoma kwa barua, kwa nakala na kwa tafsiri, ambao baadhi yao hawakuikanyaga kamwe nchi waliyoiandikia, kiasi kwamba mtu anaweza kusema somo hili lilikuwa elimu ya masafa kabla ya elimu ya masafa kupata jina.

Njia nyingine ilikuwapo, tena ilitangulia kwa karne nyingi. Mtawa wa Kichina Xuanzang aliondoka kwao mwaka 629 hivi, akavuka majangwa ya Asia ya Kati hadi India, akasoma kwa miaka kadhaa huko Nalanda, chuo kikubwa cha watawa wa Kibudha katika jimbo ambalo leo huitwa Bihar, na aliporejea mwaka 645 alikuwa amebeba maandiko 657, ambayo kuyatafsiri kukawa ndiyo kazi ya maisha yake yaliyosalia. Karne nne baadaye, Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarezm aliyeishi chini ya utawala wa Mahmud wa Ghazna wakati majeshi ya Mahmud yakiivamia India, alijifunza Kisanskriti, lugha ya maandiko ya kale ya Kihindu, akiuliza na kuulizwa na Mabrahmani, makuhani wa Kihindu, wenyewe, na mnamo mwaka 1030 akamaliza kitabu chake kuhusu India, ambamo alieleza kuwa nia yake ni kusimulia yale wanayoyaamini Wahindu kama wanavyoyasema wao, bila kuyageuza kuwa kitabu cha ubishi. Msimamo huo wa kueleza kwanza na kuhukumu baadaye, ambao silabasi za leo huutaja kana kwamba ni uvumbuzi wa vyuo vya juzi, ulikuwa umekwisha andikwa kwa Kiarabu yapata miaka 1,000 iliyopita.

Ulaya iliyapokea maandiko ya India kama mtumba, ikiwa mfano wa sokoni unaruhusiwa hapa, kwa sababu yaliifikia yakiwa yamekwisha vaa lugha nyingine. Mwaka 1657 mwanamfalme Dara Shikoh wa dola ya Wamughal, aliyetaka kuonyesha kwamba tauhidi ya Waislamu na hekima ya Wahindu zina chemchemi moja, alisimamia kutafsiriwa kwa Upanishad 50 kwa Kiajemi. Upanishad ni mafundisho yanayochunguza uhusiano wa nafsi ya mtu na uhalisi ulio nyuma ya kila kitu. Nakala ya tafsiri hiyo ilimfikia Mfaransa Anquetil-Duperron akiwa amekwisha kurudi kwao kutoka India, naye akaigeuza kuwa ya Kilatini na kuichapisha mwaka 1801 na 1802, na mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer akaisoma na kuienzi mpaka kufa kwake. Hivyo Mjerumani alikuwa akipokea kwa Kilatini kile ambacho Mfaransa alikipata kwa Kiajemi, na ambacho waandishi wa Kiajemi walikipata kwa Kisanskriti. Wakati huohuo maofisa wa Kiingereza huko Kalkuta, wakiongozwa na jaji William Jones, walikuwa wameanzisha chama chao cha elimu ya Asia mwaka 1784, na mwaka uliofuata Charles Wilkins akatoa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa Kiingereza. Lakini nia yao ilichanganyika na mahitaji ya utawala, kwani aliyetaka kuwahukumu watu kwa sheria zao alilazimika kuzisoma.

Aliyelipa somo umbo lake la chuoni ni Friedrich Max Müller, aliyezaliwa Dessau, Ujerumani, mwaka 1823 na kufariki Oxford mwaka 1900. Kati ya 1849 na 1874 alichapisha Rigveda, mkusanyiko wa kale kabisa wa nyimbo za ibada za India, kazi iliyoanza kwa fedha za Kampuni ya India Mashariki, ile kampuni ya biashara ya Waingereza iliyogeuka serikali. Na mwaka 1870 alitoa London mihadhara iliyotaka dini zilinganishwe kama wataalamu wanavyolinganisha lugha. Katika maisha yake yote hakufika India hata mara moja. Kuanzia mwaka 1879 alihariri mfululizo wa Sacred Books of the East, yaani vitabu vitakatifu vya Mashariki, uliochapishwa Oxford hadi ukatimia majalada 50 mwaka 1910, la mwisho likiwa faharasa. James Legge, aliyekuwa mmisionari Hong Kong, alitafsiri maandiko ya Kichina. Hermann Jacobi alitafsiri ya Wajaini. Kashinath Telang, mwanasheria wa Bombay, alitafsiri Bhagavad Gita, akiwa miongoni mwa wachache mno katika kundi lile waliotafsiri maandiko ya kwao wenyewe.

Yafaa kutua kidogo kwenye majalada hayo, maana mwanafunzi wa leo huyashika mikononi bila kujua. Muda wa hakimiliki yake umekwisha, kwa hiyo hupatikana bure kwenye intaneti, na mwalimu asiyetaka kuwagharimu wanafunzi wake huchukua dondoo humo. Müller alikuwa na mtindo wake wa kuandika sauti za Kisanskriti kwa herufi za Kilatini: sauti ya ch aliiandika kwa k ya mlazo, na sauti ya j akaiandika kwa g ya mlazo. Kwa hiyo Upanishad ya Chandogya imechapishwa Khândogya, na Wajaini wameitwa Gaina. Na kwa kuwa mlazo huo hupotea mara nyingi maandishi yanapohamishiwa kwenye kompyuta, mwanafunzi anayetafuta Ujaini katika orodha hupitiliza, akidhani Gaina ni dini nyingine asiyowahi kuisikia. Msomaji wa Kiswahili, ambaye alfabeti yake huandika ch na j bila taabu, ana haki ya kushangaa kidogo.

Kilichomo na kisichomo katika majalada 50 kina uzito zaidi ya tahajia. Kurani imo, katika tafsiri ya E. H. Palmer, kwa sababu Uislamu ulihesabiwa kuwa wa Mashariki. Siku hizi kozi nyingi huuhamishia upande wa pili, pamoja na Uyahudi na Ukristo. Biblia haimo. Guru Granth Sahib, kitabu ambacho Kalasinga hukiheshimu kama kiongozi aliye hai, nacho hakimo, ingawa Ernest Trumpp alikuwa ametoa tafsiri ya sehemu yake mwaka 1877, tafsiri iliyowaudhi wenyewe. Na kwa kuwa kipimo kilikuwa kitabu, yale yasiyoandikwa yaliachwa nje: sadaka za asubuhi mbele ya sanamu nyumbani, chakula cha mfungo, safari za kuhiji, makaburi ya mababu wa Kichina. Silabasi inayotenga siku tatu kwa Veda na nusu ukurasa kwa ibada za nyumbani inafuata rafu za Oxford kuliko maisha ya Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu.

Majina ya dini zenyewe nayo yana historia. Neno dini, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, halina mwenzake kamili katika Kisanskriti, ambako dharma hukusanya wajibu, sheria na mwenendo ulionyooka. Kichina kilisema jiao, yaani mafundisho. Na Wajapani waliimarisha neno shūkyō kwa maana ya dini katika miaka ya 1870, walipolazimika kutafsiri mikataba na mijadala yao na mataifa ya Magharibi. Hindu lilitokana na mto Sindhu, likiwataja watu wa upande ule wa mto kabla ya kutaja imani yao. Kiswahili, kwa bahati njema, hutenganisha Mhindi, mtu wa India, na Mhindu, mfuasi wa dini, na kabla ya hapo kilikuwa na Baniani, jina la mfanyabiashara wa Kihindu ambaye ubaya wake na dawa ya kiatu chake vimebaki katika methali. Hata Mashariki yenyewe ni mashariki ya mtu wa Ulaya: kwa mkazi wa Lamu au Unguja, kibla kiko kaskazini, na majahazi ya Gujarati yalikuja na upepo wa kaskazi.

Upande wa pili wa somo hili la masafa ni posta. Mwaka 1840, stempu ya peni moja ilipoanza Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato, yaani mwandiko wa mkato wa makarani, kwa kadi alizozituma na kuzisahihisha. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikaruhusu mtu kufanya mtihani wa shahada bila kukaa katika vyuo vyake. Lakini mahali ambapo posta na dini za Mashariki zilikutana kwa dhahiri ni Chicago. William Rainey Harper alikuwa akifundisha Kiebrania kwa barua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880: mwanafunzi alipokea karatasi ya maelekezo, akajibu maswali kwa maandishi, akatuma, akarudishiwa kazi yake ikiwa na masahihisho ya wino. Alipokuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofunguliwa mwaka 1892, alikiwekea idara ya masomo ya posta tangu siku za mwanzo.

Mwaka uliofuata, Septemba 1893, mji huohuo ulikuwa mwenyeji wa Bunge la Dini, mkutano uliofungamana na maonyesho makubwa ya dunia, na kwa mara ya kwanza Wamarekani wengi waliwasikia Wahindu na Wabudha wakijieleza wenyewe: Swami Vivekananda kutoka Bengal, Anagarika Dharmapala kutoka Ceylon, Soyen Shaku kutoka Japani. Mwaka 1894 Caroline Haskell alitoa fedha za mihadhara ya dini linganishi katika chuo cha Harper. Hata hivyo karatasi zilizosafiri kwa posta ziliendelea kuandikwa na wasomi wa vitabu, na wageni wale wa jukwaani walibaki mada.

Baada ya posta ilikuja televisheni. Mwaka 1955 Huston Smith, aliyezaliwa China na wazazi wamisionari na aliyekuwa akifundisha St. Louis, alisimama mbele ya kamera za kituo cha elimu cha KETC akafundisha dini za dunia kwa watazamaji wa majumbani, na kitabu kilichotokana na vipindi hivyo mwaka 1958 kikawa cha kiada kwa miongo. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Schempp, ilikataza usomaji wa Biblia wa kiibada katika shule za umma lakini ikasema wazi kuwa kufundisha kuhusu dini si kosa, na idara za dini katika vyuo vya serikali zikaongezeka. Uingereza, Ninian Smart alianzisha idara ya aina hiyo Lancaster mwaka 1967. Chuo Kikuu Huria cha nchi hiyo kilipata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi mwaka 1971, vitabu vikija kwa posta na mihadhara kwa redio na televisheni ya BBC. Intaneti, pamoja na majukwaa makubwa ya kozi yaliyozuka mwaka 2012, ilibadilisha kasi ya barua na kuacha wiki za kozi mahali pake.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa milango miwili isiyokutana. Mmoja ni wa elimu ya posta, uliozoeleka kwa walimu na makarani waliosomea nyumbani usiku, na ambao Tanzania iliupanua kwa sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwingine ni wa watu wenyewe: zaidi ya vibarua 30,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, wengi wao Wapunjabi, pamoja na wenye maduka wa Kigujarati waliowatangulia na kuwafuata. Kalasinga walijenga gurdwara, nyumba yao ya ibada, Makindu mwaka 1926, kando ya reli. Wabudha kutoka Ceylon walijenga hekalu Dar es Salaam. Wajaini wana lao Mombasa, la marumaru.

Kozi nyingi za mtandao humtaka mwanafunzi, kabla ya mwisho wa muhula, kutembelea nyumba ya ibada isiyo yake na kuandika kurasa chache kuhusu alichokiona. Anayesoma akiwa Nebraska, Marekani, huenda akaendesha gari saa kadhaa. Anayesoma akiwa Kenya anaweza kuteremka basi la Mombasa pale Makindu, akavua viatu mlangoni, akafunika kichwa kwa kitambaa anachopewa, akaketi sakafuni na madereva wa malori, na kuwekewa sahani ya dengu na chapati bila kuulizwa dini wala nauli. Na chakula hicho, kinachoitwa langar, hakimo katika jalada lolote kati ya yale 50.